Mombasa hadi Machakos kwa treni: shuka Athi River, okoa pesa

Kila vyuo vinapofunguliwa, vijana wengi wa Pwani hufunga masanduku kuelekea bara. Mpwa wangu alipoitwa Chuo Kikuu cha Machakos, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpeleka. Mama yake alikuwa ametafuta karo kwa shida, na nauli tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kuhesabu.

Sikuwa nimewahi kufika Machakos. Nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya: nikakata tikiti za treni ya alasiri hadi Nairobi, kwa kuwa akilini mwangu treni ni ya Mombasa na Nairobi basi. Tukafika usiku. Tukalipa teksi kutoka stesheni, tukalipa chumba, tukalipa chakula cha jioni. Asubuhi tukapanda matatu ya Machakos, nayo ikarudi kwenye barabara ile ile ya kuelekea Mombasa. Tulipopita Athi River, abiria mmoja akaniuliza tumetoka wapi. Nilipomweleza akacheka, akaniambia, "Mzee, treni ya asubuhi husimama hapa."

Nilipopiga hesabu, teksi, chumba na chakula vilikuwa vimekula pesa nyingi kuliko tikiti zetu mbili. Tangu siku hiyo nimeifanya safari hii mara kadhaa, na ndugu na majirani huniuliza nawezaje. Nimeona heri niandike yote mahali pamoja.

Kwa ufupi ni hivi: tikiti ya treni yenyewe si ghali. Kinachomaliza mfuko ni vile vipande viwili, cha kutoka nyumbani hadi stesheni na cha kutoka stesheni hadi unakokwenda. Ukivipanga hivyo, umeshinda.

Kwa nini treni haifiki Machakos

Mgeni hushangaa kwamba mji mkongwe kama Machakos hauna stesheni. Waingereza walikuwa na makao ya utawala Machakos kabla Nairobi haijakuwa mji. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita kwenye nyanda za chini, ikauacha Machakos kando, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mwaka huo huo makao ya utawala yakahamia Nairobi kuifuata reli.

Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, nayo haikupanda hadi mjini. Lakini ina stesheni Athi River, ndani ya Kaunti ya Machakos, na hiyo ndiyo yetu.

Chagua treni inayosimama

Kuna treni za aina mbili, na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni treni ya asubuhi, ile inayosimama katika vituo vya kaunti. Huondoka Mombasa saa mbili asubuhi. Husimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River, kisha humalizia Nairobi mnamo saa nane mchana. Nyingine ya aina hiyo huondoka Nairobi saa mbili asubuhi kuja Mombasa.

Ya pili ni treni za haraka, ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku. Hizo ni za watu wa Nairobi na Mombasa. Ukipanda ya usiku utafika Nairobi kabla ya alfajiri, saa ambazo utalazimika kulipa teksi au kukaa ukisubiri kupambazuke.

Kwa msafiri wa Machakos, treni ya asubuhi ndiyo yenye faida. Unashuka mchana kweupe, matatu ni tele, na hulipi malazi. Ratiba hubadilika mara moja moja, kwa hiyo hakikisha saa siku unapokata tikiti.

Nauli na hesabu ya familia

Treni ilipokuwa mpya, daraja la kawaida lilianza kwa shilingi 700, baadaye likawa 1,000. Kuanzia Januari 1, 2024, nauli ya Mombasa hadi Nairobi ilipandishwa: daraja la kawaida 1,500, na daraja la kwanza 4,500. Katika treni ya asubuhi nauli hutegemea umbali, kwa hiyo anayeshukia Athi River halipi zaidi ya anayefika mwisho. Mimi hupanga bajeti kwa 1,500 kila mtu mzima, kikipungua chochote ni cha maji.

Mtoto wa chini ya miaka 3 hasafiri kwa malipo. Wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Chukua familia ya baba, mama, mtoto wa miaka minane na mwingine wa miaka miwili. Wazazi ni 3,000, mkubwa ni 750, mdogo ni bure. Jumla 3,750. Familia nzima imesafiri kwa pesa pungufu ya tikiti moja ya daraja la kwanza.

Je, daraja la kawaida linafaa? Viti viko vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, mnatazamana na abiria msiowajua, na magoti hukutana. Kwa saa tano hivi, mtu huvumilia. Kila mtu ana nambari ya kiti chake, hakuna kusimama wala kubanana kama kwenye basi la mwisho wa mwezi.

Jambo jingine la kuzingatia ni sikukuu. Desemba na wakati wa Idi, mabasi mengi hupandisha nauli kwa kadiri abiria wanavyojaa. Nauli ya treni inabaki pale pale. Ndiyo maana wakati huo tikiti huisha mapema, na aliyechelewa hukosa kabisa.

Kukata tikiti

Kuna njia tatu. Unaweza kupiga *639# kwenye simu yoyote, hata kabambe, ufuate maelekezo na kulipa kwa M-Pesa. Unaweza kuingia kwenye tovuti ya metickets.krc.co.ke, ambako unaona nafasi zilizobaki na kuchagua behewa. Au unaweza kwenda stesheni mwenyewe.

Mambo ya kuangalia ni haya:

Kwanza, mahali pa kushuka andika Athi River. Ukiandika Nairobi umerudi kwenye kosa langu.

Pili, jina na nambari ya kitambulisho ziwe sawasawa na za anayesafiri. Tikiti na kitambulisho huangaliwa pamoja, na tikiti ya kaka haimfai dada.

Tatu, usimpe mtu wa njiani pesa akukatie. Nimewahi kumlipa kijana aliyeniahidi tikiti ya sikukuu, na hadi leo namsubiri. Kama simu inakusumbua, mwombe mwanao au jirani unayemwamini, na ulipe kwa simu yako mwenyewe ili ujumbe ubaki kwako.

Nne, kata mapema. Kwa siku za kawaida mimi hukata wiki moja kabla. Kwa sikukuu na kufunguliwa kwa vyuo, kata mara tu unapoijua tarehe.

Kipande cha kwanza: kufika Miritini

Stesheni ya Mombasa haiko mjini, iko Miritini. Milango hufungwa kabla treni haijaondoka, na kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine na mbwa, kwa hiyo fika saa moja kabla. Kwa treni ya saa mbili, uwe stesheni saa moja kamili.

Hapo ndipo watu hupoteza pesa. Mtu huchelewa kuamka, matatu anaiona haiendi, anaita teksi, na nauli ya teksi inakaribia kuifikia tikiti. Dawa yake ni kulala ukiwa umefunga mizigo na kuondoka alfajiri. Wa Likoni asiitegemee feri ya dakika za mwisho. Wa Kwale na Diani siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu inayotokea upande wa Miritini, wanaweza kuchangishana gari bila kuvuka feri. Walio Kaloleni na vijiji vya jirani wasihangaike kushuka Miritini, wakate tikiti ya kupandia Mariakani. Ndugu zetu wa Taita wanayo Voi.

Kuhusu mizigo, visu, pombe na vitu vya kuwaka moto haviruhusiwi. Shangazi yangu aliyeolewa Machakos aliwahi kuniagiza mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa huko alikuwa hajaipata. Nilipoufikiria ule ulimi wa chuma nikaona nisitafute maneno na walinzi, nikaituma kwa basi la mizigo.

Chakula cha ndani ya treni kina bei ya juu kuliko ya dukani. Mimi hubeba mahamri, mayai ya kuchemsha na chupa ya maji. Kwa mkoba huo, saa tano hazinigharimu kitu.

Kipande cha mwisho: Athi River hadi Machakos

Unaposhuka, kumbuka kuna stesheni mbili Athi River: ile ya reli ya zamani na hii ya SGR. Ukiwa unarudi Mombasa, mwambie mwenye bodaboda waziwazi "stesheni ya SGR", la sivyo anaweza kukupeleka kwenye reli ya mkoloni.

Kutoka stesheni, tafuta bodaboda au matatu hadi barabara kuu ya Mombasa. Patana bei kabla hujapanda. Mkiwa watu wawili au watatu wenye mizigo, gari la kuchangishana huwa nafuu kuliko bodaboda mbili. Barabarani, matatu zinazotoka Nairobi kwenda Machakos hupita hapo, hupandisha Lukenya, kisha hukata kushoto kwenye makutano ya Kyumvi kuingia mjini. Muulize kondakta nauli ukiwa bado chini. Kikiwa kipindi cha mvua au jioni ya Ijumaa, nauli hupanda, na mgeni ndiye wa kwanza kupandishiwa.

Ukiwa unarudi, treni ya kuja Mombasa hupita Athi River muda mfupi tu baada ya kuondoka Nairobi saa mbili. Kwa hiyo ondoka Machakos mapema sana. Mimi huamka saa kumi. Usisahau sweta, maana Julai ya Machakos haina mzaha na mtu wa Pwani.

Na ukikosa nafasi ya Athi River ukalazimika kufika Nairobi? Usiingie mjini. Stesheni iko Syokimau, kwenye mpaka wa Kaunti ya Machakos. Chukua bodaboda hadi Mlolongo na usubiri matatu ya Machakos hapo. Mtu akikuelekeza "Machakos Airport", jua hiyo ni steji ya magari katikati ya Nairobi, wala si uwanja wa ndege na wala haiko Machakos.

Basi je?

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba treni hushinda kila mara. Ukiwa peke yako, unakaa karibu na steji ya mabasi, na si msimu wa sikukuu, basi linaweza kukushusha Kyumvi, ukabakisha matatu moja tu kufika mjini. Ukijumlisha vipande vyote, wakati mwingine basi ni nafuu. Lakini ukiwa na watoto, au ni Desemba, au hutaki kusafiri usiku barabarani, treni ya asubuhi haina mpinzani.

Kwa hiyo kabla hujalipa, chukua karatasi uandike mistari mitatu: nyumbani hadi stesheni, tikiti, stesheni hadi mlangoni. Jumlisha. Fanya vivyo hivyo kwa basi. Jibu utaliona mwenyewe.

Mimi nina ombi moja kwa wenye matatu na kwa serikali ya Kaunti ya Machakos. Treni ya asubuhi hushusha abiria Athi River kila siku kwa saa inayojulikana. Matatu mbili zenye bao la Machakos zikiwa zinasubiri nje ya stesheni saa hiyo, na zikaondoka kwa nauli iliyoandikwa, mzazi wa Kisauni anayempeleka mwanawe chuo hatahitaji kujua yote haya niliyoyaandika.

Mpwa wangu sasa yuko mwaka wa pili. Muhula uliopita alisafiri peke yake, akashuka Athi River, na saa tisa na nusu alasiri akanipigia simu akiwa chumbani kwake. Mamake aliniuliza kama kuna pesa za teksi zilizohitajika. Nikamjibu hakuna, na zile tulizokuwa tumeziweka kando zikanunua vitabu.