Namba ya usaponishaji

Namba ya usaponishaji ni idadi ya miligramu za hidroksidi ya potasiamu zinazotosha kugeuza gramu 1 ya mafuta kuwa sabuni na gliserini. Mafuta ya nazi yana namba kati ya 248 na 265, mawese 190 hadi 209, alizeti 188 hadi 194.

Tofauti hizo hutokana na urefu wa minyororo ya tindikali zilizomo. Molekuli ya mafuta ni gliserini iliyoshikana na tindikali tatu, na kila tindikali hudai molekuli moja ya hidroksidi, iwe fupi au ndefu. Karibu nusu ya tindikali za mafuta ya nazi ni lauriki, yenye atomi 12 za kaboni. Nyingi za alizeti zina atomi 18. Mnyororo ukiwa mfupi molekuli huwa nyepesi, hivyo gramu moja hubeba molekuli nyingi zaidi na kula hidroksidi nyingi zaidi.

Katika maabara, takriban gramu 2 za mafuta huchemshwa pamoja na hidroksidi ya potasiamu iliyoyeyushwa katika alkoholi, na hidroksidi iliyobaki hupimwa kwa kudondoshewa tindikali ya hidrokloriki mpaka rangi ya waridi ya fenoftalini ipotee. Chupa ya pili isiyo na mafuta hupitishwa njia hiyohiyo. Tofauti kati ya chupa hizo mbili ndiyo hidroksidi iliyotumika.

Kipimo hiki kilianza kwenye siagi. Mwaka 1879 mkemia Köttstorfer alikitangaza kama njia ya kugundua siagi iliyochanganywa na mafuta mengine, kwa kuwa siagi halisi hufika takriban 220 hadi 233 ilhali mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe huwa karibu na 195. Peke yake hakitoshi: mafuta ya ng'ombe yakitiwa nazi kwa kadiri inayofaa, mchanganyiko huo nao hufika namba ya siagi.

Kwa mtengenezaji wa sabuni, namba hii ndiyo msingi wa vipimo vyote. Kwa kuwa miligramu kwa gramu ni sawa na gramu kwa kilo, kilo 1 ya mafuta ya nazi yenye namba 257 huhitaji gramu 257 za hidroksidi ya potasiamu, inayotoa sabuni laini au ya maji. Sabuni ya mche hutumia kostiki soda, yaani hidroksidi ya sodiamu, ambayo molekuli yake ni nyepesi zaidi. Hapo namba huzidishwa kwa 0.713, na jibu ni gramu 183. Mawese yenye namba 199 huhitaji gramu 142 tu. Hapa ndipo hatari ilipo, na haifai kuipuuza: anayebadilisha mafuta bila kubadilisha kipimo, akatia kwenye mawese kostiki iliyopimiwa nazi, anabakiza zaidi ya gramu 40 za kostiki katika kila kilo, na sabuni hiyo huunguza ngozi. Akikosea kinyume chake, zaidi ya moja ya tano ya mafuta hubaki bila kugeuka, na sabuni huwa na ulaini wa grisi. Kwa usalama, wengi hupunguza kostiki kwa asilimia 5 hivi, ili mafuta kidogo yabaki. Kwa mfano wa nazi, gramu 183 huwa 174.

Hesabu hizi huchukulia kemikali safi. Hidroksidi ya potasiamu inayouzwa madukani mara nyingi ina usafi wa asilimia 90 hivi, kwa hiyo zile gramu 257 huwa karibu 286. Magadi hayaingii katika hesabu hii, kwani ni kaboneti ya sodiamu: husaponisha tindikali zilizokwisha kuachana na gliserini, lakini hayavunji vizuri mafuta yenyewe.

Namba ya usaponishaji haionyeshi kama mafuta yamechacha, kwa sababu tindikali huru na zile zilizoshikana na gliserini huhesabiwa pamoja. Kwa hilo hutumika namba ya tindikali, inayopima zile huru peke yake.