Ng'ambo: Jina, Maji na Mpaka wa Mji wa Unguja

Neno ng'ambo, katika matumizi yake ya asili, halina upande. Aliye ukingoni mwa mto aweza kusema "ng'ambo hii" akikusudia pale alipo, na "ng'ambo ile" akikusudia kule aendako. Na aliyesafiri nchi za mbali husemwa kuwa yuko ng'ambo, kwa kuwa bahari imemtenga na kwao. Walakini katika mji wa Unguja neno hili liligeuka kuwa jina la mahali, likafungwa upande mmoja tu, yaani upande wa mashariki wa hori. Atakaye kujua mpaka wa mji huu uliwekwaje, na uliwekwa na nani, hana budi kulitazama jina hilo kabla ya kufungua ramani.

Hori lenyewe lilikuwa mkono wa bahari ulioingia kutoka kaskazini na kupita nyuma ya Malindi na Shangani. Maji ya bamvua yalipojaa, mji ulikaribia kuwa kisiwa, ukiungana na nchi kavu kwa ukanda mwembamba wa upande wa kusini, penye Mnazi Mmoja. Ndani ya maji hayo, katika karne ya 19, zilijengwa nyumba za mawe na chokaa za watawala na wafanya biashara. Nje yake zilienea nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, za watumwa na walioachwa huru, wavuvi, wachukuzi, mafundi, na wageni waliotoka bara na Ngazija. Lakini yafaa kujihadhari na picha iliyonyooka mno. Vibanda vya makuti vilikuwapo hata miongoni mwa nyumba za mawe, na Ng'ambo nako palikuwa na watu wenye mali na misikiti ya mawe. Maji yalitenga nchi. Hayakutenga watu kwa usawa kama ramani za baadaye zilivyotaka ionekane.

Na aliyeita upande ule "ng'ambo" alikuwa amesimama wapi? Bila shaka alikuwa upande wa nyumba za mawe. Jambo la ajabu ni kwamba wenyeji wa Ng'ambo nao walilikubali jina, wakajitaja kwa mahali walipotazamwa. Hata leo mtu wa Mwembetanga aendaye Darajani husema anakwenda mjini, ijapokuwa hajatoka mjini.

Waingereza waliitia nchi chini ya himaya yao mwaka 1890, na katika miongo iliyofuata hori likafukiwa sehemu kwa sehemu, hata likatoweka kabisa. Mtu angedhani kwamba maji yakiondoka na mpaka utaondoka. Haikuwa hivyo. Palipokuwa na maji pakawa na viwanja vya wazi na barabara, na daraja lilipokoma kuwa na kazi jina la Darajani likabaki. Mpaka ulihama kutoka katika maumbile ukaingia katika mipango ya serikali. Katika Ng'ambo mwenye nyumba mara nyingi hakuwa mwenye ardhi. Na kadiri mji ulivyokua ndivyo wenye ardhi walivyozidi kudai, hata mwaka 1928 wakazi wengi wakagoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea. Ugomvi ule, kwa hakika, ulikuwa juu ya nani ana haki ya kukaa mjini.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume iliazimia kuigeuza Ng'ambo kwa nyumba za maendeleo, na majumba marefu ya Michenzani yakasimama katikati yake. Mitaa ya zamani ilibomolewa ili kuyapisha. Upande wa pili ukapata hifadhi: mamlaka yake iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 hekta 96 zikaingizwa katika Urithi wa Dunia kwa jina la Mji Mkongwe. Jina hili nalo lina hila. Likiisha kuuita upande mmoja mkongwe, huufanya wa pili uonekane hauna umri, hali Ng'ambo ina mitaa ya karne ile ile ya 19.

Mji, hata hivyo, ulikwisha kuvuka mpaka mwingine. Wilaya inayouzunguka iliitwa Magharibi, ingawa sehemu yake kubwa iko mashariki mwa mji. Aliyeipa jina hilo alikitazama kisiwa kizima, si mji. Katika hesabu ya watu ya 2012 Wilaya ya Mjini ilikuwa na watu 223,033, na Magharibi 370,645. Kufikia hesabu ya 2022 Magharibi ilikuwa imegawanywa A na B, na Mkoa wa Mjini Magharibi ulipata watu 893,169. Lakini Wilaya ya Mjini ilipungua hadi watu 219,000 na kidogo. Asomaye mstari wa "Mjini" peke yake atasema mji umesinyaa. Aendaye Fuoni au Mwanakwerekwe atauona ulipo.

Katika miaka ya 2010 wapangaji wa serikali walikata shauri kwamba kitovu kipya cha mji huo mpana kiwe Ng'ambo. Jina halikubadilishwa.