Mwendo Ndani ya Kipimamwendo

Kamusi hutupa kipimamwendo. Gerejini utasikia spidi mita, na mara nyingi zaidi utasikia mshale tu: “Fundi, mshale unaruka.” Wapo wanaoona neno la kamusi limepwaya. Chombo kinapima kasi, wanasema, basi kingeitwa kipimakasi. Mimi nalitetea neno hilo kwa moyo wote, na ushahidi wangu uko kwenye dashibodi ya Land Rover Series III, gari lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985.

Neno mwendo lina maana mbili. Anayesema “punguza mwendo” anataja kasi. Anayesema “bado kuna mwendo” anataja umbali. Chombo cha Land Rover hiyo nacho kinafanya kazi zote mbili: mshale unaonyesha kasi, na kwenye kidirisha chake tarakimu zinahesabu umbali. Vyote vinaendeshwa na kebo moja inayotoka kwenye gia boksi ya transfa, jirani na ngoma ya hendibreki. Kebo ikifika juu, mzunguko unagawanyika. Sehemu moja inasukuma vigurudumu vya tarakimu kwa meno. Nyingine inazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini bila kugusana nacho. Umeme unaozaliwa ndani ya kikombe hukivuta kifuate sumaku, na springi nyembamba hukizuia. Mshale husimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Hati ya uvumbuzi wa mtambo huu aliipata Otto Schultze wa Berlin mwaka 1902.

Kwa hiyo fundi akiona mshale una hitilafu, maana hizo mbili za mwendo ndizo kipimo chake cha kwanza. Mshale umelala na tarakimu zimesimama? Kebo imekatika, au gia yake kule transfa imekwisha meno. Tarakimu zinahesabu lakini mshale umeganda? Ubovu uko kwenye chombo chenyewe. Tarakimu zinahesabu na mshale unaruka? Hapo mara nyingi ni kebo. Waya wa ndani umekauka, au ganda la nje limekunjwa kona kali mno. Waya unakwama, unajisokota, kisha unajifyatua kwa ghafla, na mshale unaruka nao.

Kulala, kuganda, kuruka, kucheza, kutetemeka: vitenzi hivi navipenda kuliko nomino zote za dashibodi. Waandaaji wa istilahi hukusanya majina ya vyombo na kuviacha vitenzi nje, ilhali ubovu huelezwa kwa vitenzi. Mshale unaotetemeka kidogo na ule unaoruka kutoka 30 hadi 60 ni wagonjwa wawili tofauti, na dereva anayetumia kitenzi sahihi amemwokolea fundi nusu ya kazi. Istilahi za magari zisizo na vitenzi hivyo nazihesabu kuwa pungufu.

Tiba ya kuruka ni ya mikono. Chomoa waya wa ndani, ufute, kisha uviringishe juu ya meza tambarare. Penye mpindo patadunda. Uliopinda hubadilishwa. Ulionyooka hupakwa grisi laini, kidogo, na ncha ya juu huachwa kavu, kwa sababu grisi hupanda na mzunguko mpaka kwenye kikombe, na mshale ulioanza kwa kuruka utaishia kuganda. Unaporudisha kebo, ipe kona pana.

Kuna kitenzi kimoja zaidi: kusoma. Land Rover 88, ile fupi, ilikuja na tairi za 6.00-16. Ukiifunga 7.50-16, tairi za Land Rover 109 ndefu, na kuacha chombo kilekile, mshale utatulia kabisa lakini “unasoma chini”. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa umbali uleule, kebo nayo vilevile, na tarakimu zinapungukiwa kwa kiasi kilekile ambacho mshale umepungukiwa. Mwendo wote umepotoka pamoja, kasi na umbali.