Nakshi

Mtu akiniuliza tofauti ya nakshi na pambo, humjibu hivi: pambo hutundikwa na kushushwa, nakshi hukatwa ndani ya kitu chenyewe. Kamusi hazina ukali huo, lakini fundi wa milango ya Zanzibar anajua kuwa ukitaka kuondoa ua alilolichonga, itabidi uuharibu ubao.

Ndiyo maana nalipenda neno hili kwa kazi ya mawe ya Roma ya kale. Tazama Ara Pacis, madhabahu ya amani iliyowekwa wakfu mwaka 9 KK, enzi za Kaisari Augusto. Nusu ya chini ya kuta zake za marumaru ni majani matupu. Kichaka kimoja cha akantho, mmea wenye majani mapana yaliyochanikachanika, kinatoa vikonyo vinavyojisokota huku na huku, na kikonyo kimoja huchanua maua ya aina mbalimbali, jambo lisiloonekana katika shamba lolote. Bata maji wametanua mabawa juu. Inama kidogo: kuna chura, kuna mjusi, na nyoka anavamia kiota cha makinda. Kwenye madhabahu ya amani!

Akantho ndiyo pia inayovika vichwa vya nguzo za Kikorintho. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, anasimulia kuwa mchongaji wa Kigiriki Callimachus alilipata wazo hilo alipoona mmea huo umeota kukizunguka kikapu kilichoachwa kaburini kwa msichana. Kisa kitamu mno, nami nakitilia shaka.

Na tafadhali, tusiandike "manakshi". Nakshi moja, nakshi nyingi.