Spika Kuukuu: Vipuri vya Asili au Vipya?

Leo naiweka misimbo kando tuzungumze historia kidogo, historia ya kitu ambacho wengi wetu tulikikuta sebuleni tukiwa watoto tukaambiwa tusikiguse: spika kubwa za mbao. Siku hizi watu wanazitoa stoo, wanazipangusa vumbi, wanaziunganisha na amplifaya... kumbe hazilii, au zinakoroma kama mzee aliyeshiba. Hapo ndipo swali linapozuka. Je, zirekebishwe kwa vipuri vile vile zilivyotoka navyo kiwandani, au ziwekwe vya kisasa?

Swali linaonekana dogo lakini lina uzito. Ukibadilisha programu ukajuta, unarudisha toleo la awali na maisha yanaendelea. Koni ya karatasi iliyotengenezwa mwaka 1968 ukiikata kwa wembe, umeikata. Hakuna nakala mahali popote. Wanaobishana juu ya jambo hili wamegawanyika makundi mawili: wale wa "asili tu" na wale wa "kipya ndicho bora". Nimesoma historia ya spika chache mashuhuri, na naona makundi yote mawili yanasahau jambo moja. Spika si kitu kimoja. Ni vipuri vingi vilivyokutana, na kila kipuri kina historia yake.

Kwanza, spika ni nini?

Mwaka 1925, wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric huko Marekani walichapisha maelezo ya spika ambayo ndiyo babu wa karibu kila spika unayoiona leo. Koili ya waya imebandikwa nyuma ya koni ya karatasi, nayo inakaa ndani ya pengo jembamba la sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inasukumwa mbele na nyuma, koni inasukuma hewa, nawe unasikia. Ukingo wa koni umeshikwa na kitu laini ili koni icheze bila kwenda upande. Kasha lenye wufa (ya sauti nzito) na twita (ya sauti nyembamba) huhitaji pia krosova, yaani saketi ndogo inayougawa muziki ili kila moja ipate fungu lake.

Kwa hiyo tuna mambo matatu yanayoleta ubishi: ukingo, sumaku na krosova. Tuyachukue moja moja.

Ukingo: asili inayooza ikiwa dukani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, ukitaka besi nzuri ulihitaji kasha la ukubwa wa kabati la nguo. Mwaka 1954 Edgar Villchur, pamoja na Henry Kloss, walianzisha kampuni ya Acoustic Research, maarufu kama AR, katika mji wa Cambridge, Massachusetts. Wazo la Villchur lilikuwa rahisi na la ajabu: ziba kasha lisipitishe hewa, uilegeze wufa mno, kisha hewa iliyofungiwa ndani ndiyo ifanye kazi ya springi. Alipata hataza yake mwaka 1956. Ghafla kasha dogo la kuwekwa kwenye rafu likatoa besi ya kabati. AR-3 ikafuata mwaka 1958, na AR-3a mwaka 1967.

Lakini wazo hilo lina sharti. Ukingo wa koni lazima uwe laini sana na usivujishe hewa. AR za kwanza zilitumia kitambaa kilichopakwa dawa ya kuziba matundu. Kufikia karibu mwaka 1970 zikahamia sponji ya poliyurethini, na watengenezaji wengine wengi wakaitumia pia. Sponji ilikuwa nyepesi, laini na rahisi kutengeneza. Tatizo ni kwamba unyevu, hewa na mwanga huivunjavunja polepole. Miaka 10 hadi 20 hivi ikipita, unaigusa kwa kidole inaanguka kama makombo ya keki.

Sasa sikiliza kichekesho. Sponji ya asili ya mwaka 1975, ambayo haijawahi kutumika na bado imo ndani ya boksi lake, imeoza pia! Haihitaji kupigwa muziki ili ife. Kwa hiyo mtu wa "asili tu" hapa amekwama. Anachokitafuta hakipo duniani.

Lakini na yule wa "kipya ndicho bora" asishangilie mapema. Akibandika ukingo wa mpira kwa sababu unadumu zaidi, mara nyingi ameweka kitu kizito na kigumu kuliko sponji. Koni sasa inacheza kwa shida, mahesabu ya Villchur yamevurugika, na besi inapungua. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili. Unaweza kubadilisha yaliyomo ndani ya moduli utakavyo, mradi mkataba wake na moduli nyingine usivunjike. Mkataba wa ukingo ni ulaini, uzito na kuziba hewa. Sponji mpya ya vipimo vile vile inautimiza. Na kama spika yako ni ile ya kitambaa, usikitoe. Aghalabu kinahitaji kupakwa dawa upya tu.

Sumaku: kutoka Kolwezi hadi California

Hii ndiyo sehemu iliyonikosesha usingizi, kwa sababu inapita karibu na kwetu.

Spika nyingi nzuri za zamani zina sumaku ya alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Katika aina iliyotumika sana, kobalti ni takriban robo ya uzito. Na kobalti ya miaka ile ilitoka wapi? Mzalishaji mkubwa kuliko wote alikuwa Zaire, hasa mkoa wa kusini ambao kuanzia mwaka 1971 uliitwa Shaba, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Watu wa migodi ile walizungumza, na hadi leo wanazungumza, Kiswahili.

Mwezi Mei 1978 waasi wa FNLC walivamia na kuuteka mji wa migodi wa Kolwezi. Tarehe 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka. Mamia ya watu walikufa. Masoko ya madini yalikuwa na wasiwasi tayari, na sasa yakaingiwa na kiwewe: bei ya kobalti, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka 1978, ilifika takriban dola 25 mwaka 1979, na kwa wanunuzi wa papo kwa papo ilipanda zaidi ya hapo.

Watengenezaji wa spika wakahesabu gharama wakaona haiwezekani. Kulikuwa na mbadala, sumaku za feraiti, ambazo hazina haja ya kobalti na zilikuwa sokoni tangu miaka ya 1950. JBL ya California ikahama. Ukiona wufa ya JBL ya kitaalamu iitwayo 2231A, hiyo ni alniko. 2231H ni ndugu yake wa feraiti. Herufi moja mwishoni, na nyuma ya herufi hiyo kuna vita.

Je, feraiti ni mbaya? Wahandisi wa JBL wenyewe waligundua kwamba ukibadilisha sumaku tu bila kubadilisha kingine, sauti inapata uchafu zaidi. Hawakuishia hapo. Walichonga upya nguzo ya katikati na kuongeza pete ya alumini, na muundo huo mpya ukarudisha usafi wa sauti. Kwa hiyo feraiti iliyosanifiwa vizuri si dhambi. Alniko nayo ina udhaifu wake: umeme mwingi kupita kiasi unaweza kuipunguza nguvu. Dawa ipo, kwani karakana yenye mashine ya kutia sumaku inaweza kuirudishia nguvu yake bila kubadilisha kipuri hata kimoja.

Hitimisho langu hapa ni kinyume na la sponji. Sumaku haiozi. Kama ni alniko, iache ilipo. Kuing'oa ni kutupa kitu kizima, na pia ni kutupa ushahidi wa enzi ambayo madini ya Shaba yaliamua spika za dunia zitengenezwe vipi. (Na usidhani hadithi imekwisha. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia bado inatoka Kongo, ila siku hizi inaingia kwenye betri.)

Krosova: hitilafu iliyogeuka kuwa kanuni

Turudi kwa AR-3a. Ndani ya krosova yake mna kapasita za maikrofaradi 150, 50 na 6. Baada ya miaka 50, kapasita nyingi za aina zilizotumika zama zile huwa zimehama kutoka thamani zake, na twita inapokea mgao usio wake. Kubadilisha ni halali kabisa, wala sioni la kubishania.

Mtego uko kwingine. Kapasita za elektroliti zina ukinzani kidogo ndani yake. Kwa vitabu hiyo ni kasoro. Lakini msanifu alipokaa na masikio yake na vipimo vyake, kasoro hiyo ilikuwemo, naye akasawazisha sauti akiwa nayo. Ukiweka kapasita ghali ya plastiki, ambayo ukinzani wake ni karibu sufuri, twita inaweza kupayuka kuliko alivyokusudia. Kila mwandishi wa programu ameshakutana na kitu hiki: hitilafu ya zamani ambayo programu nyingine zimeshaizoea, ukiirekebisha unavunja kila kitu. Dawa ni kuongeza rezista ndogo kurudisha ukinzani uliopotea.

Asili ipi hasa?

Kuna kisa kimoja ambacho kwangu kinamaliza ubishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, BBC ya Uingereza ilisanifu spika ndogo ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo, ikaiita LS3/5. Wufa na twita zilitoka kampuni ya KEF. Zikatengenezwa chache. Mwaka 1974 BBC ilipotaka nyingine nyingi, iligundua kwamba wufa na twita mpya kutoka KEF hazikuwa sawa na zile za mwanzo. Wahandisi wakalazimika kusanifu upya, na matokeo yakaitwa LS3/5A. Hiyo A ni namba ya toleo! Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 vipuri vikawa vimehama tena, krosova ikabadilishwa tena, na spika ikatoka ohm 15 hadi 11, jina likabaki lile lile.

Sasa niambie, asili ni ipi? Kiwanda chenyewe hakikuweza kurudia kipuri chake baada ya miaka michache. Kilichobaki imara ni kipimo: BBC ilikuwa na spika za marejeo, na kila toleo lilipaswa kulia kama zile.

Basi tuamue vipi?

Mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Nairobi ana wufa mbili za JBL LE14A, inchi 14 kila moja, ndani ya makasha aliyochongewa na seremala. Sumaku ni alniko, sponji ilikuwa imeisha kabisa. Alishashauriwa azing'oe aweke wufa mpya. Mwanawe aliye ng'ambo akamwambia asiguse kitu mpaka apate vipuri vya asili. Mzee akanishika mkono akaniambia, "Kijana, mimi sitaki makumbusho. Nataka nisikie besi ya Super Mazembe kama zamani." (Kwa vijana wasiojua, Super Mazembe ni bendi iliyotoka Zaire ikapiga kambi Nairobi miaka ya 1970.)

Tuliuliza maswali manne kwa kila kipuri. Je, kinakufa chenyewe hata kisipotumika? Nikikitoa, naweza kukirudisha? Mkataba wake na vipuri vingine ni upi? Je, kuna kasoro yake ambayo wengine wanaitegemea?

Majibu yakatupa kazi. Sponji mpya ya vipimo vya LE14A. Niliandika programu fupi ya kutoa mlio wa hezi 30 ili koili ijipange katikati gundi ilipokuwa ikikauka. Kapasita zilipimwa zote. Zilizohama zikabadilishwa kwa thamani ile ile, na za zamani zikafungwa kwenye bahasha ndani ya kasha. Koni, koili na sumaku hazikuguswa. Mwisho tulibandika karatasi ndani: tarehe, kilichotoka, kilichoingia. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaoongoza ukarabati wa majengo ya kale, unataka kipande kipya kiweze kutambulika kisijifanye cha kale. Sioni kwa nini spika inyimwe heshima hiyo.

Besi imerudi. Na siku mtu mwingine akitaka kufanya uamuzi tofauti na wetu, ataweza, kwa sababu hatukumfungia mlango.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kuna spika kuukuu nyumbani kwenu, usikimbilie wembe wala usikimbilie mnada wa vipuri vya asili. Fungua kasha, piga picha, andika kila namba unayoiona, kisha uliza yale maswali manne. Kinachokufa chenyewe, badilisha. Kisichokufa, kiache. Na chochote unachokitoa, usikitupe.