Jino na Mwenzake

Historia ya viwanda vyetu imeandikwa zaidi katika hotuba na bajeti. Mimi nimeisoma kwa njia nyingine, yaani kwa kufungua giaboksi. Afunguaye huona katika meno ya gia, na katika mafuta yaliyotuama chini, jinsi mtambo ulivyotunzwa na jinsi ulivyoteswa.

Katika kiwanda cha sukari, giaboksi ndiyo kiungo baina ya mvuke na muwa. Turbini huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, ilhali rola za kinu hazifikishi hata mizunguko kumi. Gia hupunguza mwendo huo na kuongeza nguvu ya kukamua. Ikisimama giaboksi, kinu husimama, na miwa iliyokwisha kukatwa huanza kupoteza sukari yake.

Kiwanda nilichoanzia kazi kilikuwa mali ya umma, kama vingi vya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mitambo ilitoka Ulaya, na vipuri vilitoka huko huko. Mambo yalikwenda vizuri maadamu fedha za kigeni zilikuwapo. Lakini bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata tukaingia katika vita dhidi ya Idi Amin. Miaka ya themanini ilipoingia, kupata beringi moja kulihitaji barua, kibali na miezi ya kusubiri. Tukajifunza kufufua: shafti iliyolika tuliijaza kwa kulehemu, kisha tukaikereza upya.

Msimu mmoja gia ndogo ya kinu chetu ilivunjika meno mawili. Fedha zilitosha kununua gia moja tu. Ile kubwa, mwenzake, ilikuwa imelika lakini haikuvunjika. Fundi mkuu, mzee aliyejifunza kazi tangu enzi za ukoloni, alipaka rangi ya buluu kwenye meno mapya, akazungusha kwa mkono, akanionyesha alama. Badala ya kuenea katikati ya jino, rangi ilishika pembeni tu.

"Kijana, hizi hazijuani," aliniambia.

Nikamjibu, "Mzee, miwa inasubiri." Nilikuwa mhandisi, tena kijana, na saini ilikuwa yangu. Nikaitia. Haikupita miezi mitatu, gia zote mbili zikaharibika, na wakulima wa jirani wakabaki na miwa inayokauka shambani. Wao hawakuwa na mshahara wa kungojea mwisho wa mwezi kama mimi.

Nilichopuuza kilikuwa katika mahesabu ya gia zenyewe. Wasanifu hupenda idadi za meno zisizo na kigawanyo kimoja, kwa mfano 19 kwa 96, ili kila jino la gia moja likutane na kila jino la nyingine. Hivyo gia mbili hulika pamoja, zikazoeana. Ukiingiza mpya kati ya kuukuu bila kuzisawazisha, mzigo wote huangukia sehemu ndogo ya jino.

Mwaka 1986 Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na vipuri vikaanza kuonekana tena. Katika miaka ya tisini viwanda vingi vya umma viliuzwa. Nilishuhudia mafundi wa zamani wakipunguzwa kazini, wakaondoka na vipimo ambavyo havikuandikwa popote. Mitambo mipya ikawekwa mikononi mwa vijana wasioonyeshwa alama ya buluu. Sisemi mabadiliko hayakuhitajika. Gia iliyovunjika lazima itolewe. Nasema tulibadili upande mmoja bila kuupima ule uliobaki, kama nilivyofanya mimi.

Tangu msimu ule, kila giaboksi niliyoifungua niliiandikia daftari lake: tarehe, nafasi kati ya meno, hali ya beringi, na mchoro wa alama ya buluu. Mzee hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa akilichukua daftari, akalisoma polepole, kisha akasahihisha.