Jina la Nyuma ya Bahasha

Dada yangu alisoma bweni, na huko barua za wasichana zilifunguliwa na matroni. Zilizopona ni zile zenye jina la mzazi nyuma ya bahasha. Kijana mmoja wa Tandika akalijua hilo. Akawa anaandika jina la mama yetu, na chini yake sanduku la posta la msikiti wa mtaani. Mama alikuja kuambiwa siku ya harusi, akacheka mpaka akakaa chini.

Ujanja ule ulitokana na posta yenyewe. Kwetu Temeke, kama Kinondoni, tarishi hakuja kupiga hodi. Barua iliishia sandukuni, na S.L.P. moja ya shule, kiwanda au msikiti ilibeba watu wengi. Namba ilimtaja mlipa ada, si mwandishi. Mfanyakazi aliyetaka kumsema bosi wake gazetini aliazima sanduku la mjomba, kisha akamwomba mhariri alihifadhi jina lake. Usiri wa mawasiliano ulikuja kuandikwa kwenye Katiba, ibara ya 16, Hati ya Haki ilipoingizwa mwaka 1984. Watu walikuwa wameshajilinda kitambo.

Lakini siwezi kuusifia usiri huo bila kupita Oyster Bay, humo humo Kinondoni. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alichukua barua zake ofisini akaenda kuzisoma nyumbani kwa rafiki. Kifurushi kimoja kilikuwa na kitabu. Alipokifungua, bomu lilimuua. Polisi hawakumpata muuaji kwenye maandishi ya juu. Walifuata betri za bomu, zikawapeleka hadi Lourenço Marques, mji mkuu wa koloni la Wareno. Miaka 13 baadaye, mji huo ukiitwa Maputo, Ruth First aliuawa kwa bomu la posta akiwa ofisini kwake, katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane.

Mtumaji wa kitabu kile na kijana wa Tandika walitumia mlango mmoja. Hata hivyo, sijaona matroni ambaye angemzuia wa kwanza.

Juzi nilimtumia dada mzigo kwa basi kutoka Mbagala. Nikaandika jina langu na namba ya simu kwa herufi ndogo, pembeni. Kijana wa mizigo akachukua maka peni, akaniuliza namba kwa sauti, akaiandika upya ubavuni mwa boksi, tarakimu kubwa kama za jezi.